Mbona Corsair hamkuitaja?

Asanteni kwa makala hii ya ndege za kutua majini zilizokuwa zikifika Kisumu. Nazipenda mno zile Short Empire za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza enzi hizo, zenye injini 4, ambazo kuanzia 1937 zilishuka hadi Durban kupitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndiyo, Lindi!

Ila mmeiacha Corsair, mojawapo ya hizo Short Empire, na hapo ndipo penye utamu wote. Machi 1939 iliondoka Port Bell, Uganda, ikielekea Juba, ikapotea njia. Mafuta yakiwa karibu kwisha, rubani akaishusha kwenye mto mwembamba karibu na Faradje, Kongo. Tumbo la ndege lilipasuka, lakini watu wote walinusurika. Mafundi wakaitengeneza, wakajaribu kuirusha, ikagonga mwamba ikatoboka tena! Ikabidi mto uzibwe kwa bwawa ili maji yapande, na Januari 1940 ikaruka. Wakongo waliojenga bwawa lile wanastahili sifa sawa na marubani, jamani.

Leo hakuna Short Empire hata moja iliyobaki duniani. Ndugu yake Solent, ndege nyingine ya majini ya kampuni ileile ya Short, ipo makumbusho ya Auckland, New Zealand. Kisumu nako tuwekeeni basi hata kibao pale ziwani.