Picha hupigwa, picha huvutwa

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Juzi daftari lake limerudi na swali: "Eleza maana ya taswira." Kaandika "picha." Mwalimu kaweka mkasi kwa wino mwekundu, basi, maelezo hakuna.

Jumapili nikapanda naye Gangilonga, lile jiwe kubwa linaloutazama mji wa Iringa. Kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Akalizunguka, akaligonga kwa kokoto, akatega sikio. "Mjomba, linaongea saa ngapi?"

Nikamwambia: vuta picha, Chifu Mkwawa wa Wahehe amekaa hapa peke yake, kama wazee wasimuliavyo, upepo unavuma, anawawaza Wajerumani. Akafumba macho. Kimya. Kisha: "Amejifunika mgolole mweupe au mweusi?"

Wapo wanaolalamika kwamba Kiswahili hakina neno moja la kazi aliyokuwa akiifanya mtoto yule, ya kuona kichwani kisichokuwapo machoni. Mimi upungufu siuoni. Picha tumeitoa kwa Mwingereza, tukaitafutia vitenzi vyetu wenyewe: mwenye kamera hupiga picha, aliyefumba macho huvuta picha. Ni kuvuta kulekule kwa kuvuta kumbukumbu. Kitu kiko mbali, unakisogeza mpaka ukione kina nguo gani.

Taswira nayo ni ya Kiarabu, mzizi mmoja na sura, hii ya usoni. (Sura ya kitabu ni neno jingine kabisa, Waarabu wana s mbili, ulimi wetu ukazifanya moja.) Kinachonichekesha ni kwamba kwa Mwarabu, taswir ni kuchora, hata kupiga picha kwa kamera. Sisi ndio tuliolihamishia kichwani, kisha tukalifungia kwenye mitihani ya fasihi. Kwa hiyo mtoto alikosea, lakini si kwa mkasi mkubwa namna ile.

Tena picha nyingine tunazitamka kila siku bila kuziona. Jina Iringa linatokana na lilinga, yaani ngome. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga Wajerumani waliivunja mwaka 1894, lakini konda stendi bado anaiita: "Iringa, Iringa, wawili tu!" Nani anauona ukuta?

Jana usiku mpwa wangu kafuta jibu lake, karatasi ikakaribia kutoboka. Kaandika: "Taswira ni picha ya kuvuta, si ya kupiga." Madaftari yanakusanywa kesho.