Matokeo Yasiyotakiwa

Wiki iliyopita tulihudhuria warsha ya kujenga utamaduni chanya wa utafiti, tukagawiwa kalamu zenye kaulimbiu na kupigwa picha ya pamoja. Siku mbili baadaye, katika semina ya idara, mwanafunzi wa uzamivu alionyesha jedwali lililobainisha kwamba nadharia tete aliyoanza nayo, ambayo kwa hakika ni ya msimamizi wake, haina mashiko. Jaribio alilirudia mara tatu, na tarehe zote zimo daftarini mwake. Msimamizi, akiichezea ile kalamu ya warsha, alimwambia: "Rudi ukazichambue tena hizo data mpaka zikupe kitu." Sote tulinyamaza, nami nikiwamo.

Hapo ndipo utamaduni wa chuo unapoonekana: pale matokeo yasiyotakiwa yanapowekwa mezani. Anayeambiwa "mpaka zikupe kitu" ataondoa sampuli mbili zinazomsumbua, atabadilisha kipimo, atagawa makundi upya, na hatimaye thamani ya p, kipimo ambacho kwa desturi kikiwa chini ya 0.05 matokeo huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kitakwimu, itashuka chini ya kiwango hicho, kisha watu watapongezana. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya watafiti waliorudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimetoa matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizofanya hivyo. Siamini kwamba wale wa awali walikuwa waongo. Naamini wengi wao waliwahi kuambiwa warudi wakachambue tena. Na matokeo hasi yakishafungiwa kwenye droo, mwanafunzi mwingine atapoteza miaka mitatu akipita njia ileile isiyofika popote.

Nakiri, shingo upande, kwamba msimamizi naye amebanwa, kwa kuwa fomu ya kupandishwa cheo huhesabu makala, haiulizi yaliyomo. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti, ambalo taasisi na watafiti hulitia saini, lilikwisha kutaka mtafiti asipimwe kwa hadhi ya jarida, ila kutia saini ni rahisi kuliko kubadili fomu. Yapo hata majarida yanayoikubali makala kwa ubora wa swali na mbinu kabla matokeo hayajapatikana. (Kuhusu wakubwa wanaopachikwa majina kwenye makala wasizozisoma, leo nitajizuia.)

Baada ya semina nilimfuata mwanafunzi yule koridoni, nikamsihi aiandike sura hiyo kama ilivyo, kwani kazi yake ni safi.

"Mwalimu," aliniuliza kwa upole, "mbona hayo hukuyasema mle ndani?"