Gari la mnadani: uliza kwanza nani analiuza

Huku Arusha ukitaja gari la mnada watu wanagawanyika hapohapo. Mmoja anaapa ndo sehemu pekee mtu wa kipato cha kati anapata gari la maana, fundi wa mtaa wa Unga Limited anacheka tu maana anajua litaishia kwake. Mi naona wote wako sahihi, sema wanaongelea magari tofauti.

Chukua gari la benki, lile lililokamatwa kwa mkopo. Hilo halijauzwa kwa sababu ni bovu, limeuzwa kwa sababu mwenyewe ameshindwa rejesho, kwa hiyo injini inaweza kuwa nzima kabisa. Ila fikiria na upande wa pili, mtu anayejua gari linachukuliwa mwezi ujao atamwaga oil mpya ya nini? Matairi mazuri yanahama, betri inahama, afu linakaa yadi miezi juani, na kuna wakati mwenyewe anakimbilia mahakamani kupinga, unajikuta umeshalipa na gari hutoki nalo.

La serikali ni kinyume chake. Makaratasi yake huwa hayana mgogoro, lakini jiulize kwa nini wameliachia, mara nyingi ni kwa vile kulitengeneza kumekuwa gharama kuliko thamani yake. Ya miradi ya wafadhili, yale ya namba za DFP, ndo yanawachanganya wengi, bei inaonekana chee kumbe liliingia nchini kwa msamaha wa kodi na kodi hiyo inakusubiri wewe. Na kodi sio utani, ushuru wa forodha peke yake 25%, VAT 18%, hapo ushuru wa bidhaa bado. Ndo maana gari lenye namba ya T ambalo kodi ilishalipwa, hata likikutaka gia boksi, linaweza kuwa nafuu kuliko kuagiza Japan.

Sasa Land Cruiser za utalii, hizi tunazo nyingi kuliko mikoa mingine. Usidanganyike na rangi. Lami inaishia geti la Lodoare pale Ngorongoro, kuanzia hapo mpaka Serengeti ni rasta tupu (vumbi lenye mawimbi), na hizi bodi zimekatwa zikarefushwa, kwa hiyo lala chini uangalie chesisi palipounganishwa, kama pana welding mpya juu ya ya zamani ondoka. Injini zake lakini, kusema ukweli, kampuni zinazojielewa zinazifanyia service vizuri sana, maana gari likizima na wageni porini ni aibu.

Tangazo litaandikwa "kama lilivyo mahali lilipo", yaani ukishanunua hakuna kurudi kulalamika. Siku ya ukaguzi nenda na fundi wako (sio wa kuokota pale getini), omba mkawashe na betri yenu, linganisha namba ya chesisi na kadi, angalia na faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi. Watu wanasema mnadani kuna utapeli, mi nadhani dalali wa mtaani anadanganya zaidi, mnadani hakuna anayekudanganya kwa sababu hakuna anayekwambia kitu.

Kama hela yako ni ya mkopo na Jumatatu unahitaji gari la kwenda Moshi na kurudi, nenda tu yadi ya wauza magari ulipe zaidi. Minada mingi inataka 25% papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 14, ukishindwa kumalizia ile 25 hairudi na gari linanadiwa upya.