Mishipa, lakini mishipa gani?

Mama yangu ni fundi cherehani, Tanga. Kwa zaidi ya miaka 30 ameshona sare za shule, magauni ya harusi na kanzu za Idi. Mwaka juzi alianza kuamka usiku wa manane. Anakaa kitandani na kuukung'uta mkono wa kulia, kama mtu aliyetoka kunawa akakosa kitambaa cha kujifutia. Mimi nalala chumba cha pili, nasikia bangili zake zikilia. Asubuhi ukimuuliza anajibu, "Mishipa tu, mwanangu."

Neno hilo lilitupotezea miezi 11.

Kiswahili tumelibebesha neno mshipa mzigo mzito. Damu inapita kwenye mshipa, na hisia nazo zinapita kwenye mshipa. Kano inayofunga msuli kwenye mfupa, watu huiita mshipa. Mwanamume mwenye ngiri au busha, utasikia majirani wakisema ana mshipa. Sasa mgonjwa akiingia kwa daktari mwenye foleni iliyofika mlangoni, akasema mishipa inamsumbua, ni rahisi sana kuchukuliwa ule mshipa unaopimika kwa dakika moja, yaani wa damu. Mama alipimwa presha. Ilikuwa juu kidogo, akaanzishiwa dawa. Ganzi ikabaki pale pale. Akaandikiwa sindano 10 za vitamini B, kisha vidonge vya vitamini hizo hizo, kisha vidonge vingine tena. Shangazi, Mungu amlipe, alikuja na mafuta ya kuchua na akawa anamkanda kila jioni. Katika vituo vitatu tulivyopita, hakuna aliyemwambia mama aweke kiganja juu ya meza kikatazamwa.

Linaniuma hili, kwa sababu jibu lilikuwa kiganjani. Ganzi ilishika dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete. Kidole cha mwisho kilikuwa kizima kabisa. Ramani hiyo ni ya mshipa mmoja wa fahamu, unaopita katikati ya kifundo cha mkono ndani ya njia nyembamba, ukisongamana na kano tisa za kukunjia vidole. Njia ikibana, kinachoumia kwanza ni mshipa. Kidole kidogo kinapata hisia zake kutoka mshipa mwingine usiopita humo. Kukunja mkono usingizini kunaongeza mbano, ndiyo maana mgonjwa huamka na kuukung'uta. Mtu aliyeshika mkasi wa kukatia nguo miaka yote hiyo alistahili kuulizwa swali moja tu: "Mama, ganzi inakushika vidole vipi?"

Aliyeuliza alikuwa daktari wa nne, kijana, huko Dar es Salaam tulikokwenda kwa jambo jingine kabisa. Alimwambia mama aviinamishe vifundo vya mikono na kuvibana hivyo kwa dakika moja. Haikutimia nusu, vidole vikaanza kuchomachoma. Kisha akamwonyesha kitu ambacho hata sisi wa nyumbani hatukukiona: kile kinofu cha chini ya dole gumba, mkono wa kulia kilikuwa kimebonyea. Akasema, "Mama, hapa nataka tupime mshipa wenyewe, tujue umebanwa kiasi gani." Tukapelekwa kwenye kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu na misuli, ambacho wahudumu wenyewe wanakiita EMG.

Nataka nikieleze nilivyokiona, maana watu wanakiogopa bila kukijua.

Mpimaji alimwamkia mama, akamshika mikono, akasema ni ya baridi. Chumba kilikuwa na kiyoyozi. Badala ya kuanza, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kumwomba aloweke mikono kwanza. Niliuliza kwa nini. Akanieleza kwamba ngozi ikipoa, kila nyuzi moja ya joto inayopotea inapunguza mwendo wa taarifa ndani ya mshipa kwa karibu mita 2 kwa sekunde; ukipima mkono wa baridi unaweza kumpa mtu ugonjwa asio nao. Tangu hapo nikamwamini.

Akabandika vibandiko juu ya kinofu cha dole gumba. Akagusisha kifaa chenye ncha mbili kwenye kifundo cha mkono, umeme ukapita kufumba na kufumbua, dole gumba likaruka lenyewe. Mama alishtuka mara ya kwanza. Ya pili akacheka. Akarudia kwenye kiwiko. Kisha akatoa futi kupima umbali wa sehemu hizo mbili, na hapo uso wa mama ukafunguka, maana ilikuwa futi ile ile ya mafundi, kama anayoning'iniza shingoni kila siku. Hesabu yenyewe haina siri: umbali gawanya kwa tofauti ya muda, unapata mwendo. Mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alipima hivyo mshipa wa chura mwaka 1850, akapata mita 27 hivi kwa sekunde, wakati wakubwa wake wa elimu wakiamini mwendo huo haupimiki. Mkono wa mtu mzima mwenye afya hupitisha mita 50 au zaidi.

Mama, kutoka kiwiko hadi kifundo, alipata mita 52. Hapo mshipa hauna neno. Lakini kutoka kifundo hadi dole gumba, kipande kifupi kuliko kidole, taarifa ilichukua karibu milisekunde 8, yaani sehemu 8 za elfu za sekunde, wakati kawaida haizidi 4 na kidogo. Hapo ndipo penye tatizo. Kuwa na ganzi tulikujua siku nyingi. Kipimo kilitwambia ganzi inaanzia wapi, na mshipa umeumia kiasi gani. Kwamba mwendo hupungua namna hiyo hapo kifundoni, daktari John Simpson aliuonyesha mwaka 1956.

Sehemu ya pili ni ya sindano nyembamba, inaingia ndani ya msuli na haipitishi dawa wala umeme, inasikiliza tu. Mama aliitazama, akasema, "Sindano zimenilisha miaka 30, weka tu." Msuli uliotulia unatakiwa uwe kimya. Kwenye kile kinofu tulisikia spika ikitoa sauti ya manyunyu juu ya bati. Daktari akaeleza kwamba nyuzi za msuli zilizokatiwa mawasiliano na mshipa wake huanza kurukaruka zenyewe, na sauti yake ndiyo ile. Nimelala chini ya bati maisha yangu yote, na sasa mvua ikianza usiku huwa nakumbuka mkono wa mama.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ganzi ni dalili, na kumwandikia mtu vitamini bila kutafuta chanzo ni kumwacha mshipa wake ufe taratibu huku akidhani anatibiwa. Vitamini zina mahali pake. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu hupewa B6 kwa sababu dawa ile inaigusa. Mgonjwa wa kisukari aliyekaa miaka na metformini anaweza kupungukiwa B12 na kuhitaji kuongezewa. Hao sababu yao inajulikana. Lakini B6 hiyo hiyo, ukimeza nyingi kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu. Ni watu wangapi mtaani wananunua vidonge hivi dukani mwezi baada ya mwezi?

Sidai mashine kila zahanati. Mashine bila mtu aliyefundishwa, yule wa beseni la maji, italeta majibu ya uongo. Tena kipimo kina mipaka. Mshipa ukijeruhiwa leo, sindano inaweza isionyeshe kitu hadi wiki mbili au tatu zipite. Miguu inayowaka moto ya mwenye kisukari, pale zinapokuwa zimeumia nyuzi zile nyembamba kabisa za mshipa, kipimo kinaweza kutoka safi na mgonjwa akaonekana mzushi. Na mtu anayeanza kulegea miguuni, udhaifu ukapanda siku hadi siku kuelekea kifuani, huyo asingoje miadi ya kipimo chochote, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana pumzi inaweza kukata.

Ninachodai kwanza ni macho na mikono. Kinyundo cha mpira, pamba, na ule uzi wa nailoni unaopinda kwa gramu 10 wa kupimia nyayo za wagonjwa wa kisukari. Vitu hivi havihitaji hata umeme wa ukutani. Kisha mgonjwa anayeonekana ana jambo apate pa kupelekwa mkoani kwake, penye mashine na mtu wa kuiendesha, asisubiri kufika Dar kwa bahati kama sisi.

Na tusiambiwe haiwezekani. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, kijijini kokote, kuna utaratibu wa kusaka polio: anaripotiwa, anachukuliwa sampuli mbili za choo ndani ya siku 14, zinasafirishwa kwenye baridi hadi maabara. Kwa utaratibu huo, pamoja na chanjo, kanda ya Afrika ilithibitishwa mwaka 2020 kuwa imeondokana na polio ya asili. Tumekwisha jifunza kuujali mguu wa mtoto uliolegea. Yule mtoto ambaye sampuli yake haina polio, aliyeanza kuburuta mguu baada ya sindano ya kwinini makalioni, naye afuatiliwe, apimwe mshipa wa mguu, mama yake aambiwe ukweli. Na mkono wa fundi cherehani, wa msusi, wa mkuna nazi, uingie katika hesabu hiyo hiyo.

Mama alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuifungua ile njia, kwa ganzi ya mkono tu, akarudi nyumbani siku ile ile. Usiku wa tatu niliamka mwenyewe saa nane nikasikiliza. Bangili zilikuwa kimya. Hisia za vidole zimerudi karibu zote. Kinofu cha dole gumba hakijarudi, na daktari alitwambia wazi kwamba miezi ile 11 ndiyo iliyokila. Sindano ya mkono haikamati vizuri tena. Matundu ya vifungo sasa anashona binti anayemfundisha kazi, na mama anakaa pembeni yake, futi shingoni, anamwelekeza.