Filamu za Vita vya Makaburu: iamini ile isiyo na risasi

Ukitafuta mtandaoni filamu za Vita vya Makaburu, vile vya Waingereza na Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, utaletewa kwanza watu wanaoanguka wameshika kifua, moshi umetanda, na askari wakirushiana risasi hatua chache kutoka kwenye kamera. Nyingi ya hizo hazikupigwa Afrika Kusini. Mtengeneza filamu Mwingereza Robert Paul alipigia zake kwenye uwanja wa gofu wa Muswell Hill, London, mwaka 1899. Kampuni ya Edison ilipigia zake New Jersey, Marekani, mwaka 1900. Watengeneza filamu Mitchell na Kenyon waliigizia zao Blackburn, Lancashire, Uingereza. Paul aliziuza waziwazi kama maigizo, lakini maelezo hayo yamedondoka njiani, na leo klipu hizo zinapachikwa kwenye masomo ya historia kama ushahidi.

Msimamo wangu ni kwamba filamu ya vita hivi inayoonekana kuchosha ndiyo yenye thamani. Fundi kujenga daraja lililovunjwa kule Frere, Natal, magari ya wagonjwa kuvuka mto Tugela: hiyo ndiyo vita ambayo kamera ya wakati ule iliweza kuiona.

Sababu ni za kiufundi. William Dickson, aliyekuwa fundi mkuu wa kamera ya Edison kabla ya kuhamia kampuni ya filamu ya Biograph, aliondoka Southampton tarehe 14 Oktoba 1899 kwenda kupiga filamu za vita, katika meli moja na Jenerali Buller, kamanda wa jeshi la Waingereza. Kamera yake ilitumia mkanda wa upana wa milimita 68 na kuendeshwa kwa mota ya umeme, kwa hiyo ilibidi betri zake ziende nayo kila mahali. Mzigo wote ulibebwa kwa gari la kukokotwa na farasi. Huwezi kukimbia na mzigo huo kwenda mstari wa mbele, wala kuuficha.

Hata angefika, angeona nini? Kwenye mapigano ya Colenso, tarehe 15 Desemba 1899, Makaburu walikuwa wamejichimbia mahandaki ng'ambo ya Tugela wakitumia bunduki za Mauser zenye baruti isiyo na moshi. Waingereza waliokuwa wakipigwa hawakujua risasi zinatoka wapi. Tena mkanda wa siku hizo ulishika vizuri mwanga wa buluu tu: anga ilitoka nyeupe, huku kaki ya askari na majani makavu vikitoka kijivu kinachofanana. Askari aliye mbali anazama ndani ya mlima. Ndiyo maana Dickson alielekeza lenzi kwenye mizinga mikubwa ya jeshi la majini, ile ya inchi 4.7, kwa kuwa ilikuwa mikubwa, imetulia, na iko nyuma ya mstari.

Kwa hiyo, kabla ya kusambaza klipu, jiulize kamera imesimama wapi. Ikiwa pande zote mbili zimo ndani ya fremu moja, na mpiga picha amesimama katikati bila kudhurika, hayo ni maigizo. Kagua na mandhari: majani mabichi mororo na kuta za mawe za mashambani Uingereza hazifanani na vilima vikavu vya Natal. Maiti naye huwa anachagua mahali pazuri pa kuangukia, mbele kabisa ya lenzi.

Kosa la pili la wanaosambaza klipu hizi ni kasi. Kamera za milimita 35 zilizungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kwa sekunde, fremu (picha moja moja za mkanda) 8 kila mzunguko, yaani 16 kwa sekunde. Mkanda wa futi 75 una fremu 1,200: sekunde 75. Ukiuchezesha kwa fremu 24 kwa sekunde, kasi ya sinema ya leo, unaisha kwa sekunde 50, na askari wanatembea kama vikaragosi. Dawa ni kuirudia kila fremu ya pili mara moja zaidi. Biograph ni kinyume chake, kwani ilikwenda fremu 30 au zaidi, hivyo kwa 24 watu wanaburura miguu.

Siku hizi kuna wanaotumia akili mnemba kuongeza fremu, rangi na sauti ya milio. Mkanda ule haukuhifadhi rangi hata chembe, kwa hiyo rangi yoyote unayoiona ni ya kubuni. Fremu zilizoongezwa zinabuni pia nyuso za watu walio mbali, na hapo ndipo naumia zaidi, kwa sababu watu walio mbali ndio tusiowajua.

Zaidi ya Waafrika laki moja walifanya kazi na majeshi ya pande hizi mbili, wakiendesha magari ya ng'ombe, wakipeleleza, wakichimba. Kwenye mapigano ya Spion Kop, Januari 1900, Wahindi wa Natal waliokusanywa na Gandhi walibeba majeruhi kwa machela. Katika kambi ambamo Waingereza waliwafungia raia, vifo vya Waafrika vilivyoandikwa vinazidi 14,000. Kamera ilifuata majenerali, na watu hawa wanapita pembeni mwa fremu, mara nyingi bila kutajwa kwenye maelezo.

Wenye kuhifadhi na kupandisha klipu hizi waandike basi: nani alipiga, wapi, mwaka gani, upana wa mkanda, kasi iliyotumika, na kama ni maigizo. Kisha watazame tena pembeni, fremu kwa fremu, na kumwandika pia anayeshika hatamu za ng'ombe.