Mnara Tunao, Kasi Hatuna

Kila linapozungumzwa suala la intaneti katika vijiji vya Pemba, jawabu tunalopewa ni kwamba mnara umeshajengwa. Ni kweli umejengwa, na simu zinashika. Lakini mnara na kasi ni vitu viwili, na mimi naamini kwamba kijiji kidogo hakitapata intaneti ya kasi kwa kuongezewa mnara mwengine, bali kwa kufikishiwa waya wa fiba, ule wa nyuzi za kioo unaopitisha data kwa mwanga, hadi skuli au kituo cha afya, kisha watu wakagawana kutokea hapo.

Tazama msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Kijana wa Micheweni aliyemaliza Kidato cha Sita hutakiwa kuweka kwenye mfumo cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani, picha, na fomu yenye saini na mihuri. Simu yake inaonesha 4G na ukurasa unafunguka vizuri, ila akianza kupandisha faili ule mstari unasogea hadi katikati, unaganda, kisha mfumo unamtaka aanze upya. Faili la megabaiti 5 likipanda kwa megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 40, kwani baiti moja ni biti nane. Kasi ikishuka hadi sehemu ya kumi ya hiyo, zinahitajika karibu dakika 7, na bando huliwa kila anaporudia. Mwisho wake hupanda gari kwenda Wete, akalipa nauli na akalipa steshenari, kwa kazi ambayo mwenzake wa mjini ameimaliza akiwa kitandani.

Sababu si uchawi. Uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia wakati huo, na baada ya sala ya Isha kijiji kizima kipo kwenye simu. Isitoshe, minara mingi ya mashamba huunganishwa na mtandao mkuu kwa kurushiana mawimbi na minara mengine, si kwa fiba. Ile alama ya 4G inaeleza mawasiliano kati ya simu na mnara tu, haielezi hata kidogo ukubwa wa kiungo kinachotoka mnarani kwenda kwenye mkongo, yaani njia kuu ya nyaya za fiba inayobeba intaneti.

Mkongo wenyewe si mgeni. Mkongo wa chini ya bahari uitwao SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mwengine uitwao EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2010 Pemba ilipata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hakuna aliyedhani kwamba waya kufika kisiwani kungetosha kuwasha taa kijijini Makangale. Kila mtu alijua zinahitajika nguzo, transfoma na mita. Kwenye intaneti tumeshangilia waya wa baharini, tukazisahau nguzo.

Wapo wanaosema tuache fiba tutumie setilaiti. Kwa visiwa vidogo kama Fundo au Kisiwa Panza sipingi, hasa kwa kuwa setilaiti za sasa huzunguka umbali wa kilomita 550 hivi badala ya zile za zamani zilizo karibu kilomita 36,000 juu, ambazo mazungumzo ya video hupitia kwa kuchelewa. Hata hivyo leseni inahitajika, na gharama ya kila mwezi haibebeki na nyumba moja ya mvuvi au mkulima wa mwani.

Linalonishughulisha zaidi ni siku baada ya uzinduzi. Mara nyingi mfadhili hulipia mwanzo, wageni wakapigwa picha, kisha ankara ikaja na hakuna aliyepangiwa kuilipa. Hapo bado chumvi ya bahari haijaanza kula vyuma vya antena, na bado radi za masika hazijapiga. Ndiyo maana ningependa mchana huduma itumiwe bure na skuli na kituo cha afya, na jioni wanakijiji wauziwe kwa siku kwa bei ndogo, fedha zikae chini ya kamati ya shehia kwa ajili ya betri, vipuri na ujira wa vijana wawili waliofunzwa kupanda nguzo na kubadilisha kifaa kilichoungua. Wawe wa hapohapo, na mmoja awe mwanamke, kwa sababu fundi wa kike huingia nyumba yoyote bila mwenye nyumba kuwa na wasiwasi.

Mawasiliano ni jambo la Muungano, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 unatoa ruzuku kwa maeneo yasiyowavutia wafanyabiashara. Ruzuku hiyo isilipwe yote siku mnara unaposimama. Sehemu yake izuiliwe hadi kasi ya kupandisha, si ya kushusha pekee, ipimwe kijijini saa tatu usiku, mbele ya sheha na mwalimu mkuu, na matokeo yabandikwe kwenye mlango wa skuli.