Saa ya mfukoni hainunuliwi kwa ganda

Wauzaji wa saa za kale hupenda kuanza na madini ya fedha. Watakugeuzia ganda, yaani kasha la nje la saa, wakuonyeshe mhuri wa simba, yaani fedha ya sehemu 925 kwa 1000, kisha miganda mitatu ya ngano na upanga: alama ya Chester, mji wa Uingereza ambako saa nyingi za Liverpool zilipelekwa fedha yake ipimwe ubora. Sawa, lakini hiyo ni bahasha tu. Mimi nataka barua, yaani mashine iliyo ndani.

Chukua saa ya Liverpool ya mwanzoni mwa karne ya 19, yenye mtambo wa Peter Litherland, aliyepata hataza mwaka 1791. Kila saa ya springi lazima iwe na kitu cha kuizuia springi isifyatuke yote kwa mkupuo, na mlio wa tiki-taka hutoka hapohapo; huo ndio mtambo ninaousema. Thomas Mudge, huko London, alikuwa ameshatengeneza katika miaka ya 1750 wenzo unaoigusa balansi (gurudumu linalozunguka huku na huku kuhesabu muda) kidogo tu, ukaisukuma, kisha ukaiacha izunguke peke yake. Saa nyingi za mkono za springi bado zinafuata njia hiyo. Litherland akaenda kinyume. Mwisho wa wenzo aliweka upinde wenye meno, akauumanisha na kigurudumu kidogo kilicho kwenye mhimili wa balansi. Meno hayo hayaachani kamwe.

Wajuzi wengi huiita njia iliyokufa. Msuguano ni mwingi, na balansi isiyo huru haishiki majira vizuri. Ni kweli, siwapingi. Ila wanasahau kwamba saa ya mfukoni hutembea na mtu, hupanda farasi, hugongwa. Wenzo ulio huru unahitaji kinga ya ziada usiruke upande usio wake saa inapotikiswa. Wa Litherland hauna pa kurukia. Kwa mnunuzi wa wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo, na mafundi kama Robert Roskell walizitengeneza kwa wingi. Baadaye wenzo huru, ukiwemo ule wa Edward Massey wa 1814, ukashinda.

Kinachonikera ni fundi anayeung'oa mtambo huo na kuweka wa kawaida "ili saa itembee vizuri". Anayetaka majira sahihi ana simu. Na anayeyeyusha ganda apate gramu chache za fedha, halafu mashine akaitupa kwenye kopo la vipuri, huyo hata neno la kumwelezea sina.

Ukiniwekea mezani ganda lililobonyea lenye mashine yake ya asili, hata kama haitembei, na jingine linalong'aa lenye mashine iliyobadilishwa, nitalipa zaidi kwa lile bovu.